Majani Hayasubiri Ndege

Majani ya pembeni mwa njia ya kurukia ndege hukua hata wiki ambayo hakuna ndege iliyotua. Hilo ndilo somo langu la kwanza katika biashara ya viwanja vya ndege, na nililipata siku niliporipoti kazini nikiwa mhasibu kijana katika kiwanja kimoja cha mkoani. Hati ya juu kabisa kwenye rundo nililokabidhiwa ilikuwa dai la vijana wa kufyeka. Walikuwa wamefyeka pande zote mbili, kutoka kichwa kimoja cha njia hadi cha pili, nao hawakuwa wamelipwa tangu masika ya mwaka uliotangulia. Nikachungulia dirishani. Majani yalikuwa yamesharudi, yanafika magotini.

"Shikamoo mzee," nikamwambia meneja. "Hawa tunawalipa kwa kasma gani?"

"Marahaba. Kasma ipo, mwanangu. Fedha ndiyo haipo."

Sasa nimestaafu. Nilitumikia viwanja viwili vya umma hapa Tanzania, kimoja nyanda za juu kwenye ukungu, kingine kanda ya ziwa. Majina yake nayaacha, kwa kuwa waliokuwa vijana wangu kazini leo ndio wakubwa wa huko, na sipendi waitwe kujieleza kwa ajili ya porojo za mstaafu. Ila ya majani nitayasema. Majani marefu huficha panya, panya huvuta mwewe, na mwewe mmoja akiingia kwenye injini wakati ndege inainuka, rubani hana tena muda wa kusoma bajeti yetu. Kufyeka ni kazi ya usalama sawa na kazi ya mnara wa kuongozea ndege. Lakini katika vitabu vya hesabu huandikwa chini kabisa, jirani na sabuni ya chooni, na fedha zikipungua hukatwa pamoja nayo.

Kila msimu wa bajeti ulipokaribia, tuliulizwa swali lilelile: kiwanja chenu kitaanza lini kujitegemea? Waliouliza hawakuwa watu wabaya. Walizoea kuona mizani ya mapato na matumizi, na ya kwetu ilikuwa imeinamia upande mmoja mwaka hadi mwaka. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza. Tuseme kiwanja kina safari moja ya ndege kwa siku, na abiria 50 wanapandia hapo. Abiria wa safari za ndani hulipa ada ya huduma ya shilingi 10,000, ambayo imo ndani ya tiketi. Hiyo ni shilingi 500,000 kwa siku. Kwa mwaka mzima, ndege isipokosa hata siku moja, ni shilingi milioni 182.5. Ongeza ada ya kutua, ambayo hutozwa kwa uzito: Cessna Caravan yenye tani nne hivi huacha hela ya chai, na ATR 42 yenye tani 18 na ushee huacha hela ya chakula cha mchana. Ongeza kodi ya duka la soda na bango moja la kampuni ya simu. Mapato yameishia hapo.

Geuza ukurasa. Walinzi wa zamu tatu. Mashine ya kukagulia mizigo na mkataba wa fundi wake. Umeme, na jenereta ya kuusubiri umeme ukikatika. Askari wa zimamoto, gari lao, maji yao na povu lao, ambalo lina tarehe ya kuisha nguvu hata kama halijawahi kumwagwa. Uzio unaoibwa nguzo moja moja. Fundi wa taa. Wafagiaji. Na majani. Katika orodha hiyo yote hakuna gharama inayopungua kwa sababu ndege ya leo imeahirishwa. Kiwanja chenye safari moja na kiwanja chenye safari nane hutofautiana sana kwa mapato na kidogo mno kwa matumizi.

Wala si sisi peke yetu. Takwimu za baraza la kimataifa la viwanja vya ndege, ACI, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba viwanja vingi vinavyopata hasara duniani ni vile vyenye abiria wasiofika milioni moja kwa mwaka. Umoja wa Ulaya, ambao ni mkali kweli kweli kuhusu serikali kuzibeba biashara, umelikubali jambo hili: tangu 2017 kiwanja chenye abiria wasiozidi 200,000 kwa mwaka kinaweza kupewa ruzuku ya uendeshaji bila serikali yake kwenda Brussels kuomba ruhusa kwanza. Mjerumani na Mhispania wenye mifuko minono wamekiri kwamba kiwanja kidogo hakijilishi. Sisi tukaendelea kumuuliza meneja wa mkoani atajitegemea lini, naye akaendelea kujibu "baada ya miaka mitatu", kwa sababu hilo ndilo jibu lililopita kwenye vikao.

Basi nani alipe? Katika nchi nyingi jibu ni lile la ukoo: kaka mkubwa aliyepata kazi mjini huwasomesha wadogo zake. Norway ina kampuni ya serikali iitwayo Avinor, yenye viwanja zaidi ya 40. Oslo na vingine vichache ndivyo vinavyoingiza fedha. Vile vidogo vya pwani ya kaskazini, vingine vikiwa na njia ya mita 800 tu kati ya mlima na bahari, huishi kwa jasho la Oslo. Kwetu nako Dar es Salaam hubeba wengi, na kwa ada za watalii Kilimanjaro husaidia. Arusha pia, pale Kisongo, penye njia isiyofika kilometa mbili lakini pilikapilika zake za ndege ndogo za kwenda Serengeti ungezionea wivu.

Mimi sina ugomvi na utaratibu huo. Ugomvi wangu ni kwamba katika miaka yangu yote mezani, sikuwahi kupewa karatasi inayoonyesha kiwanja chetu kimetumiwa kiasi gani na nani. Tulichokusanya kilipanda kwenda juu, na kilichoshuka kilishuka kwa jina la matumizi mengineyo, nusu ya tulichoomba, mwezi wowote kilipopatikana. Mtu akiniuliza kiwanja kinaigharimu nchi shilingi ngapi kwa mwaka, nilikuwa na majibu matatu, yote ya kweli na hayalingani. Ruzuku isiyoandikwa huwafaa watu wa aina mbili tu: mvivu anayeficha uzembe wake ndani ya hasara ya jumla, na mwanasiasa anayetaka kiwanja kingine jimboni kwake. Meneja mwenye bidii haimsaidii kitu. Akiokoa, akiba yake haionekani. Akifuja, ufujaji wake nao hauonekani.

Kwa hiyo la kwanza ningeagiza kila kiwanja kiwe na kitabu chake. Nasema kitabu, sisemi kampuni. Kuvunjavunja viwanja kuwa makampuni ni kuzaa wakurugenzi, bodi na magari, wakati majani hayajafyekwa. Kitabu kinatosha: kiwanja kimeingiza hiki, kimetumia hiki, tofauti imezibwa na kiwanja fulani au na Hazina, na tofauti hiyo tulikubaliana tangu Julai. Kisha meneja apimwe kwa kukaa ndani ya tofauti waliyokubaliana. Kumpima kwa faida ambayo hata Mnorwe haipati ni kumwonea.

Kuna kisa cha Kilimanjaro ambacho wanaojadili kumleta mwekezaji hukisahau haraka. Kiwanja kile kilifunguliwa 1971, kikiwa kimejengwa kwa mkopo wa Italia. Mwaka 1998 kilikabidhiwa kampuni iitwayo KADCO, serikali ikibaki na asilimia 24 ya hisa. Mwaka 2009 serikali ikanunua hisa zote za wabia kwa dola milioni 5.36, ikawa mmiliki pekee, lakini kampuni ikaendelea kuishi kivyake kana kwamba hakijatokea kitu. Bunge likapiga kelele, na Novemba 2023 kiwanja kikarudi kuwa pamoja na vingine chini ya mamlaka ya umma. Nimesoma mengi kuhusu nani alikosea wapi. Lakini swali la mhasibu wa mkoani halimo: katika miaka hiyo yote, ada za watalii waliotua pale zingeweza kufyeka majani ya viwanja vingapi? Mwekezaji aje akitaka, mimi simchukii. Wapo waendeshaji hodari. Lakini anayechukua kiwanja kinacholipa achukue na sehemu ya mzigo wa visivyolipa, ama kwa kuviendesha, ama kwa kulipa kila mwaka fungu linalojulikana liende kwa viwanja hivyo moja kwa moja. Kenya nayo ilipoingia kwenye mjadala mkali kuhusu mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani kiwanja cha Jomo Kenyatta, mpaka Rais Ruto akaufuta mpango huo Novemba 2024, sikusikia wengi wakiuliza viwanja vidogo vya Wajir na Malindi vingekula wapi.

Nirudi kwenye lami, maana huko ndiko fedha nyingi zinakolala.

Katika kiwanja cha nyanda za juu tulikuwa na fundi mzee, mtu wa maneno machache, ambaye kila mwezi alitembea njia nzima kwa miguu alfajiri na kopo la rangi nyeupe. Akiona ufa anauzungushia duara na kuandika tarehe. Ufa ukivuka duara lake anachora jingine na tarehe nyingine. Alikuwa na ramani nzima ya magonjwa ya njia ile imechorwa juu ya njia yenyewe. Siku moja alinichukua nikaone ufa karibu na kichwa cha mashariki, wenye maduara matatu.

"Huu mwaka juzi ulitaka ndoo mbili za lami ya moto," akasema. "Sasa hivi ndoo kumi. Mvua mbili nyingine, hautaki ndoo tena. Utataka mkandarasi."

Nikaandika maombi. Nikaandika ukumbusho. Jibu lilikuwa kwamba matengenezo madogo yafanywe kwa mapato ya ndani, yale yale yaliyokuwa yamepanda juu. Mvua mbili zikapita. Maji yakaingia chini ya lami, tabaka la kokoto likalegea, na kipande cha njia kikafungwa, ndege zikawa zinatua kwa njia iliyofupishwa na abiria wachache zaidi. Hapo fedha zikaja haraka ajabu. Wakaja wahandisi washauri, wakaja wakandarasi na bango lao kubwa, kwa sababu sasa kazi ile iliitwa mradi, na mradi una fungu lake la maendeleo, una mgeni rasmi, una utepe. Ndoo mbili za lami hazina mgeni rasmi. Mzee alistaafu kabla kazi haijaisha. Kopo lake la rangi hakuna aliyelirithi.

Mikopo ya kujenga ipo. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2019 mkopo wa dola milioni 272 hivi kwa ajili ya kiwanja cha Msalato, Dodoma. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Benki ya Dunia nazo zimekopesha kwa viwanja vya mikoa. Siwalaumu wakopeshaji kwa kupenda kujenga. Sisi ndio tunaosaini bila kuuliza baada ya utepe itakuwaje. Lami ya njia ya ndege hutaka tabaka jipya baada ya miaka 15 hivi, ikitunzwa. Kiwanja cha Songwe kilifunguliwa Desemba 2012. Kila mtu anaweza kuhesabu.

Wenzetu wa barabara waliliona hili zamani. Tangu 1998 wana Mfuko wa Barabara unaolishwa na tozo ya mafuta, na kazi yake kubwa kwa mujibu wa sheria ni kutengeneza barabara zilizopo. Nimesikia malalamiko yote kuhusu mfuko huo, mengine ni ya kweli, lakini mkoa unaokosa fedha za barabara angalau unajua mlango wa kugonga. Viwanja vinahitaji kitu cha namna hiyo: sehemu ya ada ya kila abiria, tuseme shilingi 1,000 katika zile 10,000, iwekwe kando kwa ajili ya lami, taa, uzio na majani tu, isiguswe kwa mishahara wala safari. Kiwanja kipya kisianze kujengwa kabla mtu hajaandika fungu lake la matengenezo litatoka wapi kwa miaka kumi ya mwanzo. Wakenya wana mfano wa Isiolo, kiwanja kilichozinduliwa 2017 baada ya kupanuliwa kwa takriban shilingi bilioni 2.7 za kwao. Miraa ya Meru ilitarajiwa ipande ndege pale. Njia ilikuwa fupi kwa ndege kubwa za mizigo, na msafiri wa Nairobi alikuwa na barabara nzuri ya lami. Jengo likang'aa, ndege hazikuonekana kwa wingi uliotarajiwa.

Ya maduka na maegesho ya magari nitayapitia upesi, ingawa washauri huyapenda sana. Katika kiwanja chenye abiria 50 kwa siku huwezi kufungua duka la manukato. Hata hivyo kuna fedha tulizozikataa kwa mikono yetu. Nje ya uzio wetu wa ziwani alikuwepo mama mmoja aliyeuza supu na chapati, akilisha walinzi, madereva wa teksi na hata marubani. Alitaka kuingia ndani na kulipa kodi. Akapewa zabuni ya kurasa nyingi iliyomtaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Akaniletea makaratasi yale nimsomee. Nilipomaliza akauliza, "Mwanangu, hii ni ya supu?" Aliendelea kuuza nje, bila kutulipa chochote, na chumba tulichomtengea kikawa stoo ya viti vilivyovunjika.

Ardhi ndiyo hadithi kubwa zaidi. Kiwanja kisicho na hati miliki na uzio huliwa kimyakimya kutoka pembeni: mwaka huu shamba la mihogo, mwaka kesho kibanda, mwaka wa tatu nyumba ya matofali na msikiti au kanisa. Siku ya kurefusha njia serikali hulipa fidia kwa ardhi iliyowahi kuwa yake. Hati miliki hugharimu kidogo kuliko fidia ya nyumba moja, lakini kupima ardhi nako hakuna utepe.

Kuhusu mashirika ya ndege, lipo moja lililotuletea abiria miezi mingi huku likikaa na ada zao. Abiria alikwisha kulipa siku aliyonunua tiketi. Shirika lilikuwa limeshikilia tu fedha za watu wengine. Nilipoandika barua ya madai, wakubwa waliniomba nitumie lugha laini, maana shirika likikasirika mji utabaki bila ndege. Nikalainisha. Deni halikulainika. Ningekuwa na uamuzi, ada ya abiria ingekwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya umma siku ileile tiketi inapouzwa. Tangu 2017 malipo ya serikali yanafanyika kwa kumbukumbu namba, kila mwananchi anayelipa leseni au maji anaijua, kwa hiyo kisingizio cha mitambo kimekwisha. Shirika likihitaji msaada ili lije mjini kwetu, lipewe msaada kwa barua inayosomeka, kwa kiasi na muda. Wamarekani tangu 1978 huyalipa mashirika kwa mkataba ili yaende kwenye miji midogo, na kila mtu anaweza kusoma mji gani umelipiwa dola ngapi. Msaada unaotolewa kwa kufumbia macho deni hauna mwisho na hauna shukrani.

Septemba 2016 nchi ilipokea ndege mbili aina ya Q400, na miji mingi ya mikoani ikapiga vigelegele ilipoanza kuziona. Mimi nilifurahi na huku nahesabu magari ya zimamoto. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, hupanga daraja la zimamoto kwa urefu wa ndege hasa. ATR 42 ina mita 22.7, daraja la nne, gari moja linatosha. Q400 ina karibu mita 33, nayo iko daraja la sita, magari mawili. Kiwanja chenye safari chache huruhusiwa kushuka daraja moja, ambalo ni la gari moja, na hapo ndipo wengi wetu tulipojificha. Viti viliongezeka hadi 76, ada zikapanda kidogo, lakini wajibu wa uokoaji ulipanda kwa kipimo kingine kabisa, tena gari linatakiwa lifike popote kwenye njia ndani ya dakika tatu. Mapato ya ndege kubwa hayanunui gari la pili. Mtu mwingine lazima alinunue.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, ATR 42 yenye watu 43, ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Nilikuwa nimekaa sebuleni mbele ya televisheni, na niliziona zile kamba za kuivutia ndege. Sote tuliowahi kufanya kazi kwenye kiwanja cha kando ya ziwa tulijua ramani ile: maji yanaanzia pale njia inapoishia. Kanuni zinataka zoezi kamili la dharura angalau kila miaka miwili. Katika kiwanja changu cha ziwani zoezi liliwahi kuahirishwa kwa kukosa posho za washiriki, na katika orodha ya washiriki hao walikuwemo polisi, hospitali, Msalaba Mwekundu na ofisi ya mkoa. Mvuvi hakuwemo hata mmoja, ingawa mialo ilikuwa inaonekana kutoka chumba cha abiria. Boti yenye injini, maboya, kamba nene, redio mbili, na makubaliano ya maandishi na wenyeviti wa mialo: bei ya vitu hivyo vyote haifiki bei ya gari moja la kiongozi. Matumizi ya aina hii hayafai kabisa kupimwa kwa idadi ya abiria. Yanapaswa kulipwa na Hazina kama inavyolipa polisi na zahanati, yakiwa na mstari wake, kabla hata kiwanja hakijaanza kuhesabu mapato.

Vivyo hivyo ndege za wagonjwa. Madaktari wa shirika la AMREF wameruka katika Afrika Mashariki tangu 1957, na viwanja vyetu ndivyo milango yao. Usiku mmoja wa mvua kule nyanda za juu simu ilipigwa kutoka hospitali: mama mjamzito, hali mbaya, ndege ndogo iko njiani. Taa za njia zilikuwa hazifanyi kazi, zimesubiri balbu tangu robo ya mwaka iliyopita. Tulipanga makopo ya mafuta ya taa na tambi zake pande zote mbili, na madereva wa teksi wakaelekeza taa za magari yao kwenye kichwa cha njia. Ndege ikatua, ikaondoka naye. Katika daftari langu la mapato usiku ule uliingiza ada ya kutua ya ndege ndogo, fedha isiyonunua hata mafuta tuliyochoma. Asubuhi yake meneja alinunua balbu kwa fedha za mfukoni mwake, kwa kuwa yeye, msimamizi wa mali ya mabilioni, hakuwa na mamlaka ya kutumia hata laki mbili bila kibali. Mpaka leo naamini meneja wa kiwanja angepewa masurufu ya kudumu kwa balbu, dizeli, lami na majani, akayafanyia marejesho kila mwezi, nusu ya barua nilizoandika maishani zisingeandikwa.

Mwishoni mwa utumishi wangu alikuja meneja mwanamke, mkali na mchangamfu, aliyenitaka niandae kile kitabu nilichokuwa nakililia. Sikuwa na tarakimu za ruzuku kutoka juu, lakini hesabu ya kwetu nilikuwa nayo yote. Tukaiweka kwenye karatasi moja na kuisoma mbele ya wafanyabiashara wa mkoa, watu wa hoteli, wachakataji wa samaki, wenye mabasi waliokuja kutupima, na maofisa wa mkoa. Wengi walidhani kiwanja kinaingiza mamilioni kwa siku. Mwenye hoteli mmoja alipoona fungu la majani aliuliza kama tumesahau sifuri. Mchakataji wa minofu ya sangara akauliza kwa nini ndege hutua saa sita mchana wakati mzigo wake huwa tayari jioni, na kwa nini haitui jioni. Tukamwonyesha mstari wa taa. Akatoa simu akaanza kupiga hesabu: kilo ngapi kwa safari, shilingi ngapi kwa kilo, angechangia nini ikiwa taa zitawaka na ratiba ikasogezwa. Mwenye mabasi akamwambia asitoe chochote mpaka aandikiwe mkataba, na wote wakacheka, ila yule mchakataji hakucheka.

Kikao kilikwisha alasiri, na kama ilivyo desturi iliundwa kamati. Uenyekiti walimpa yule mchakataji. Barua yake ya kwanza ilifika wiki iliyofuata, haikuwa na salamu ndefu: alitaka nakala ya karatasi ile kila baada ya miezi mitatu, na jina la mtu atakayesaini kuwa tarakimu ni za kweli.